Pete na Mchanga wa Kaskazini

Ndugu yangu mkubwa aliosha mchanga kwa kiganja cha mkono wa kushoto. Karai alilishika kwa mkono wa kulia, akiliegemeza gotini, na kwa kile kiganja akausugua udongo polepole, akivunja madonge, mpaka maji yakabeba kilicho chepesi na chini kukabaki mchanga mweusi, mzito, ambamo dhahabu hujificha kama imo. Kazi hiyo alifundishwa na baba yetu, aliyekuwa kibarua wa machimbo kwetu magharibi wakati wa ukoloni. Wanaume wa rika la baba waliosha hivyo hivyo mitoni, kwa viganja vitupu. Ndoa zao zilishuhudiwa na ng'ombe wa mahari. Hakuna aliyekuwa na kitu kidoleni. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu ndilo lililotuponza.

Mwishoni mwa miaka ya sitini tulikuwa tukiishi Kawangware, katika nyumba ya mabati: yeye, mkewe, watoto wao, na mimi niliyekuwa mwalimu kijana wa shule ya msingi upande wa Westlands. Ndugu yangu aliajiriwa na kampuni ya kutafuta madini. Ofisi yake ilikuwa katikati ya mji, ghorofani, na nyuma yake palikuwa na chumba ambamo mkemia alipima mifuko ya mchanga iliyoletwa kutoka kaskazini. Walitafuta dhahabu Turkana, katika mito mikavu ambayo watu wa kule huiita laga. Safari moja ilichukua miezi. Alirudi amekonda, midomo imepasuka, akizungumzia mawe kama mtu anayewazungumzia jamaa zake.

Mkewe alikuwa binti wa mzee wa kanisa wa upande wa Kikuyu. Wazazi wake hawakuwa na chuki na sisi watu wa magharibi, ila hawakutuamini sana, na walishikilia kwamba binti yao hatatoka nyumbani ila kwa ndoa ya pete. Pete zilitengenezwa na sonara wa Kihindi huko Ngara. Alitumia dhahabu safi, laini, kama wapendavyo watu wake, akaisifu kwa kusema kwamba ni laini kama moyo wa bibi harusi, na shemeji yangu akamjibu kwamba basi hajawahi kukutana na bibi harusi wa Kikuyu. Siku ya harusi, mzee wa kanisa alikishika kidole cha ndugu yangu mbele ya watu, akasema, "Hii isitoke. Ikitoka, mimi njia ya Kawangware naijua." Watu wakacheka. Ndugu yangu hakucheka. Aliapa.

Kabla ya safari yake ya kwanza, meneja wa kampuni, Mzungu aliyeishi nchini miaka mingi, aliwapanga wafanyakazi mstari mmoja akawasomea masharti. Mojawapo lilikuwa kwamba anayeosha mchanga asivae saa, bangili wala pete. Hakueleza sababu. Siku zile wakubwa wengi waliona kueleza ni kujishusha, nami nimeishi na kuona nchi yetu wenyewe ikirithi tabia hiyo pamoja na viti vyao.

Jioni hiyo ndugu yangu alitueleza tukiwa tunangoja ugali.

"Wanataka tuvue pete tukiosha."

Shemeji aliacha kusonga. "Kwani wanaogopa itashika kutu?"

"Hawakusema."

"Basi kama hawakusema, mimi nasema. Yule dereva wa Landrova yenu ana mke Kakamega, ana mwingine Kitale, na sasa nasikia huko Lodwar soko zima linamwita shemeji. Huyo alianza hivyo hivyo, kwa kuvua pete."

"Huyo hajawahi kuwa na pete, mama."

"Si ndiyo hapo sasa!"

Tulicheka mpaka mtoto akaamka. Kisha ndugu yangu akanyoosha mkono juu ya meza, akasema, "Haitoki. Mwalimu, wewe ni shahidi." Kwa upande mmoja palikuwa na sharti lisilo na sababu, kwa upande mwingine kiapo ambacho sababu yake ilikuwa imesimama jikoni na mwiko mkononi. Sioni ni mtu gani mwema angechagua vingine. Huko kaskazini hakuna aliyemkagua. Wakubwa walitazama karai. Mkono uliosugua mchanga haukuwa na habari kwao.

Katika safari yake ya tatu au ya nne, habari zilifika. Mkemia alikuwa ameona dhahabu, kidogo lakini ikijirudia mfuko baada ya mfuko, katika mchanga wa laga moja kusini mwa Lodwar. Meneja alimshika ndugu yangu mkono mbele ya karani na wapiga chapa, akamwahidi kumfanya msimamizi wa waosha mchanga wote. Nyumbani kulichinjwa kuku. Mzee wa kanisa alikuja na mkewe, akakaa kwenye kiti changu, akakiri kwamba hata watu wa magharibi wana vipaji vyao. Ndugu yangu aliwasimulia namna ya kulilaza karai, akionyesha kwa sahani tupu, kiganja cha kushoto kikizunguka ndani yake. "Baba angeona siku hii," aliniambia baadaye tukiwasindikiza wageni. Hakuwa amelia alipomzika baba, lakini usiku huo alijifuta macho.

Kampuni ikapeleka kikosi cha pili kwenye laga ile, na mwoshaji mwingine. Wakachimba mahali pale pale, wakaosha mchanga ule ule. Hawakupata chochote.

Katika kazi ile kuna uhalifu mmoja unaojulikana kote: kunyunyizia mchanga dhahabu ya dukani, ili kampuni idanganyike na kibarua kiendelee. Ndugu yangu akaitwa mjini. Nilikwenda naye kwa sababu Kiingereza chake kilikuwa hafifu, ingawa meneja alipendelea Kiswahili chake mwenyewe, kile cha mashambani.

"Mimi nauliza mara moja tu," meneja alisema. "Nani natia dhahabu ndani ya mfuko?"

"Hakuna aliyetia, bwana."

"Mtu ya pili naosha, hapana pata kitu. Mto ni ile ile. Dhahabu nakwenda wapi, nakwenda kanisa?"

"Niliosha kama baba alivyonifundisha."

"Basi polisi nauliza baba yako."

Ndugu yangu aliiweka mikono yake mezani, kama mtu anayetaka kuinuka akashindwa. Mkemia, kijana Mwafrika aliyekuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka masomoni ng'ambo, alikuwa amesimama dirishani. Akamsogelea, akamwomba ageuze mkono wa kushoto. Upande wa juu pete ilikuwa nene, inang'aa. Upande wa kiganjani ilikuwa imelika, imekuwa nyembamba kama waya.

Mkemia alieleza, kwa upole, kile ambacho kingepaswa kuelezwa siku ile ya mstari: mchanga ule husugua kama tupa, na dhahabu laini huacha chembe zake humo. Alisema ataweza kuthibitisha, kwa kuwa hata dhahabu ambayo sonara huiita safi huwa imechanganywa na shaba kidogo, kwa kiasi chake, na kiasi hicho kikilingana na cha kwenye mifuko, basi hapana uhalifu. Lakini ilimpasa kuipata pete.

"Vua," alisema meneja.

"Siwezi kuivua hapa."

Alipewa mpaka Jumatatu. Baada ya hapo shauri lingekuwa la polisi.

Tulirudi kwa miguu kupitia Westlands. Alipofika nyumbani alimweleza mkewe kila kitu, akiwa amesimama, kofia mkononi, kama mgeni.

"Ukiivua itakuwaje?" aliuliza shemeji.

"Jina langu litasafika."

"Na dhahabu uliyoipata?"

"Haitakuwako. Haikuwako."

Hapo ndipo nilipoelewa kilichokuwa kikimuuma. Akikataa, angeitwa mwongo, lakini moyoni angebaki mtu aliyeona dhahabu. Akikubali, angekuwa mtu mwaminifu ambaye hajawahi kuona kitu, na ujuzi wa baba ungekuwa umeoshea kampuni pete ya harusi.

Shemeji alileta maji na sabuni ya mche. Akakipaka kidole povu, akavuta, akazungusha, akavuta tena. Miaka ya kazi ilikuwa imekivimbisha kifundo. "Kimenenepa kwa mapenzi," alisema, akijaribu utani. Hatukucheka. Akakaa chini, mikono yake ikidondosha povu sakafuni.

"Waikate," alisema. "Baba yangu nitamwambia mimi mwenyewe. Waikate."

Ilikatwa Jumatatu kwa msumeno mdogo, katika chumba cha mkemia. Majibu yalitoka wiki hiyo hiyo na hayakuacha shaka. Meneja alimwita ndugu yangu, akamwambia, "Wewe hapana mwizi. Wewe mjinga tu." Hiyo ndiyo ilikuwa hati yake ya kuachiliwa. Akafutwa kazi kwa kuvunja sharti, na baada ya muda kampuni yenyewe ikaacha kutafuta upande ule.

Jioni ile shemeji aliipokea pete iliyokatwa, akaigeuza kwenye mwanga wa taa. Alitabasamu, macho yakiwa na machozi. "Kumbe kila ukienda ulikuwa unaniacha kule jangwani," alisema, "punje kwa punje."

Sijasikia mke akimwambia mumewe neno zuri kuliko hilo. Naye ndugu yangu, ambaye alikuwa amevumilia kuitwa mwizi kisha mjinga, akamjibu bila kuinua kichwa, "Na hakuna punje iliyoota."

Nimesoma vitabu vingi juu ya dhambi na malipo yake, na kwa miaka mingi nimewafundisha watoto wa watu kwamba kila ovu lina mwenye nalo. Katika jambo hili namtafuta mwenye nalo, simpati. Sharti lilikuwa la haki. Kiapo kilikuwa cha haki, na kilitunzwa. Lakini sentensi ile ya mwisho ya ndugu yangu haikuwa ya lazima, nami nasikitika kuliko yote kwamba ndiyo iliyodumu. Shemeji hakumtania tena, na mwanamke yule alikuwa ameumbwa kwa utani.

Baadaye aliipeleka pete Ngara peke yake. Sonara aliikunja, akaipima kidoleni mwake mwenyewe, akasema ncha hazifikiani. Ilimbidi aongeze dhahabu.

"Dhahabu ya nani?" shemeji alimuuliza.

"Ya dukani, mama. Safi kabisa."

"Basi iache hivyo hivyo."

Akarudi nayo, akaifunga ndani ya kitambaa. Kiapo hakikuwa na dhahabu ya dukani ndani yake, na kilichopungua kilikuwa Turkana, katika laga isiyo na kitu.

Ndugu yangu alipata kazi ya kutunza bustani Hurlingham, akaifanya mpaka nguvu zilipomwishia. Waliishi kwa heshima, bila ugomvi, na bila mengi ya kusemeshana. Kila jioni kabla ya chakula mkewe alimnawisha, kama wafanyavyo wanawake wa kwetu: yeye akimimina kutoka kwenye jagi, mume akisugua udongo wa bustani kwa kiganja cha kushoto, polepole, kwa namna ile ile ya baba. Maji machafu yalikusanyika katika beseni. Nimekula nao mara nyingi, nami nimeliona hili kila mara. Kabla ya kwenda kuyamwaga nje, shemeji alikuwa akisimama kidogo mlangoni, akiliinamisha beseni kuelekea mwangani, na kutazama kilichobaki chini.