Kadi Iliyosema Bado

Zabibu za mama mwenye nyumba wangu, hapa Ipagala, zinanyweshewa na kompyuta ndogo niliyomfungia mwenyewe. Inasoma maagizo kwenye memori kadi, kisha inawasha pampu. Tatizo, kila umeme ukikatika na kurudi, kadi ilikuwa haisomeki, pampu imelala. Na jua lenyewe lile la kukaangia mayai juu ya bati, vichala ndiyo kwanza vinaanza kujaa.

"Mwanangu, nirudi kwenye ndoo?" aliniuliza asubuhi moja.

Nikamwambia asiiguse ndoo. Kompyuta nimeisoma masomo ya jioni, nikisinzia hadi kila meza darasani ikabaki na chapa ya paji langu.

Nikaingia kibanda cha pampu, nikafungua draiva, yaani kile kipande cha programu kinachoongea na kadi. Sikuona kosa. Nikaongeza mistari ya kunionyesha kwenye skrini kila kadi inachojibu, nikawasha. Bado, bado, bado, bado, foleni ndefu ya kufika hadi stesheni ya Gulwe. Halafu: tayari. Pampu ikanguruma.

Nikaifuta mistari yangu, kazi si imekwisha. Kuwasha tena, kimya. Nikairudisha, maji. Nikaifuta, kimya. Nywele zikanisimama hadi kofia ikapanda.

"Mama, hii kadi nikiisikiliza inafanya kazi, nikiacha inagoma."

"Kama marehemu mume wangu," akasema.

Nilicheka, kisha nikairudia ile mistari kuitazama. Kuandika kwenye skrini kunakula muda. Draiva ilikuwa inauliza harakaharaka na kukata tamaa kabla kadi haijajikusanya. Maandishi yangu ndiyo yaliyokuwa yakiichelewesha. Nikaitoa ile kadi, nikaiweka kiganjani. Kitu kama ukucha, lakini ndani kina akili yake; kinaamka, kinajipanga, na kila kikiulizwa kinajibu ukweli wake. Miaka yote nimetembea na mwenzake ndani ya simu, sijawahi kumfikiria.

Nikairudisha, nikaongeza muda wa kusubiri ndani ya draiva, nikafuta yale maandishi yangu yote ya skrini.

"Zima mwenyewe, Mama."

Akachomoa waya, akauchomeka. Kimya. Hapo ndipo nilipoota mvi, muulize yeyote. Halafu pampu ikanguruma, na matone yakaanza kudondoka kwenye mashina, moja moja, hadi mwisho wa shamba.

Mama akaichukua ndoo, akaipindua, akaikalia, akawa anatazama. Nami nikasimama pembeni yake, natazama.