Kopi Moja, Kalamu Mbili

Tangazo lilisomwa asubuhi, mbele ya bendera, kabla hatujaingia darasani. Prefe, mkuu wa shule yetu ya sekondari hapa Kasongo, alilisoma kwanza kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili ili asiwepo wa kusema hakuelewa. Chuo kikuu kilichoko nje ya mji kimeingia katika mfumo mpya wa krediti, ambamo kila somo ulilofaulu linahesabiwa na halirudiwi. Wanafunzi wa darasa la mwisho wenye alama nzuri wanaruhusiwa kufuata somo moja la mwaka wa kwanza wa chuo, kila Jumamosi. Watakaofaulu wataikuta krediti yao inawangoja siku watakapojiandikisha.

"Inawangoja," alirudia, akikunja karatasi. Nakumbuka neno hilo kwa sababu nilimwamini, nami si mtu wa kuamini haraka. Nyumbani waliniita Jaji, kwa kuuliza uliza. Siku hiyo sikuuliza kitu.

Tulichaguliwa sita. Somo lilikuwa Mantiki, yaani namna ya kufikiri bila kujidanganya. Jumamosi ya kwanza nilikwenda kwa baiskeli ya mama, nikiwa na sketi ya bluu na shati jeupe, maana prefe alitaka tuwakilishe shule. Wanafunzi wa chuo walipotuona walipiga makofi.

"Ninyi watoto wa prefe, mukae nyuma! Hapa si kwa kuimba bendera!"

"Nani ameleta chekechea?"

Tulikaa nyuma. Mwalimu alikuwa kijana mwenye cheo cha asistanti, na jina hilohilo la cheo ndilo tulilomwitia. Alifundisha vizuri, lazima niseme hivyo. Aliandika ubaoni sentensi mbili, akatuuliza kama ya tatu inafuata kweli au tunaiburuta kwa nguvu. Niliporudi nyumbani nilianza kuwasikiliza watu wote kwa sikio hilo: mchungaji, dereva wa pikipiki, hata mama.

Mama ndiye aliyelipa Jumamosi zangu. Analima mpunga upande wa barabara iendayo Wamaza, na baba yuko hukohuko Wamaza akiwauzia wachimba dhahabu sabuni na chumvi; huja akipata nafasi. Siku nyingine za juma niko darasani, Jumapili tuko kanisani. Kwa hiyo mkono wa pili shambani ulikuwa wangu, siku ya Jumamosi tu. Msimu ule alivuna peke yake, suke kwa suke, kwa kisu kidogo.

"Somo lako linaisha lini?" aliniuliza siku moja, akijipaka mafuta ya mawese kwenye vidole vilivyochanjwa na kisu.

"Baada ya mtihani, mama. Na mwaka ujao, nikiingia chuo, somo hili sitalifanya tena. Jumamosi itakuwa yako."

"Kweli?"

"Prefe amesema."

Nilipata kumi na sita kati ya ishirini, alama ya juu kupita ya yeyote, pamoja na wale waliotupigia makofi. Na hapa lilifanyika jambo ambalo wakati ule niliona ni heshima. Kopi, yaani karatasi za majibu ya mtihani, za wanafunzi wa chuo huwekwa ofisini, kila mtu na faili yake. Sisi hatukuwa na faili. Asistanti alituita, akatugawia kopi zetu mkononi, zimesahihishwa kwa wino mwekundu na kutiwa sahihi yake. "Mukaonyeshe wazazi," alisema. Mimi niliiweka yangu ndani ya Biblia ya mama. Mwenzangu mmoja, kijana wa Kabambare aliyekuja Kasongo kumalizia sekondari, aliiacha ya kwake mezani kwa shangazi yake aliyempangisha. Shangazi anauza karanga.

Mtihani wa Serikali ukapita, diplome ya sekondari ikatoka, nikaenda kujiandikisha. Mama alikuwa ameshaanza maandalizi yake. Aliongeza kipande cha shamba, karibu nusu ya lile la zamani, kichaka kilichomchukua majuma ya panga. Hakuniambia kwamba ni kwa ajili ya Jumamosi zangu. Hakuhitaji kuniambia.

Katibu wa masomo, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alitafuta jina langu katika rejista ya mwaka uliopita.

"Hauko."

"Nilifanya Mantiki, papa. Nilipata kumi na sita."

"Namba yako ya matrikile, ya kuandikishwa chuo?"

"Sikuwa nayo. Nilikuwa bado sekondari."

Alivua miwani. Nadhani alifurahi kupata nafasi ya kueleza. "Sikiliza, mutoto. Ili mutu afaulu somo la chuo, kwanza awe mwanafunzi wa chuo. Wewe ulikuwa mwanafunzi wa chuo? Hapana. Sasa ulifaulu nini?"

Nilitoa kopi. Aliisoma mbele na nyuma, akakiri sahihi anaijua. Kisha akanirudishia.

"Hii inaonyesha kwamba unajua," alisema. "Haionyeshi kwamba ulisoma."

Nimelibeba jibu hilo tangu siku ile, kama jiwe ndani ya kiatu. Nilikwenda kwa prefe. Alisema yeye alisoma tu tangazo lililoletwa. Nilimuuliza lililetwa na nani. Alisema na chuo. Nilirudi chuo wakasema tangazo lilikuwa la shule. Yule kijana wa Kabambare nilimkuta sokoni, nikamwambia tupeleke kopi zote sita pamoja, huenda wakaona haya. Alicheka mpaka akashika baiskeli yangu asianguke.

"Kopi yangu? Dada, ile ilifungiwa karanga zamani. Kuna mutu alikula Mantiki yangu na chumvi."

Wengine wanne walikuwa wametawanyika, kila mmoja na shughuli zake. Nilibaki peke yangu na karatasi moja.

Jumamosi ya kwanza ya mwaka ule niliingia ukumbi uleule kurudia Mantiki, safari hii bila sketi ya bluu. Asistanti alinitambua kabla sijakaa.

"Wewe si ulishafaulu somo hili?"

"Nilifaulu, Asistanti."

"Sasa unafanya nini hapa?"

"Katibu anasema sikufaulu."

Ukumbi ulicheka. Yeye hakucheka, lakini hakusimama kwenda kwa katibu pia, na ofisi ilikuwa hatua ishirini kutoka hapo. "Kaa," alisema. "Utawasaidia wenzako."

Nami niliwasaidia. Asistanti alikuwa na kazi nyingine Kindu, na kwa barabara zetu anayekwenda Kindu hasemi atarudi lini. Jumamosi tatu alituma ujumbe kwa simu kwamba mimi niendelee na somo. Kwa hiyo nilisimama ubaoni, nikafundisha wanafunzi wa chuo somo la chuo, kisha nikatia sahihi katika orodha ya waliohudhuria, maana aliyekosa mara tatu haruhusiwi kufanya mtihani. Hata siku nilipokuwa mimi ndiye mwalimu, nilipaswa kuthibitisha kwamba nimekuja kujifunza.

Na mpunga ukaiva. Ukiiva haungoji, ndege wanajua kabla yetu. Mama alianza na shamba la zamani kwa sababu ndilo alilozoea kulimaliza peke yake. Jioni moja ya Jumamosi nilimfuata huko nikitoka chuo, nikamkuta amekaa kwenye mpaka wa kile kipande kipya. Masuke yalikuwa yamesimama wima, mepesi. Chini, punje zilizodondoka zilikuwa nyingi kama mchanga.

"Leo umefundisha?" aliniuliza.

"Nimefundisha."

"Walielewa?"

"Walielewa, mama."

"Ni vizuri," alisema, akasimama. Angenitukana ningepumua.

Siku ya mtihani Asistanti aliandika maswali manne ubaoni. Nilisoma la kwanza, nikasoma la pili, nikarudia la kwanza. Yalikuwa maswali ya mwaka uliopita, neno kwa neno, katika mpangilio uleule. Labda hakupata muda, kwa ajili ya Kindu. Labda alifikiri hakuna anayekumbuka. Nilikuwa naibeba ile kopi katika mfuko wangu tangu siku ya katibu, sijui kwa nini. Labda ili nisije nikaamini kwamba niliota. Niliitoa. Sikufuta kitu, sikuongeza kitu. Nilingoja dakika kumi, nikaenda mbele nikaiweka juu ya meza yake.

"Umemaliza?"

"Nilimaliza mwaka jana."

Aliitazama. Wino wake mwekundu ulikuwa pale, kumi na sita yake, sahihi yake.

"Unanijaribu?"

"Hapana, Asistanti. Maswali ni yale, na majibu ni yale. Kama hii si mtihani, niambie ni nini."

Watu waliacha kuandika. Mmoja nyuma alisema kwa sauti ndogo, "Jaji!" Jina limenifuata hadi huko. Asistanti aliichukua kopi, akaiingiza chini kabisa ya rundo la makaratasi yake mezani.

Matokeo yalibandikwa baada ya majuma mawili. Mbele ya jina langu, Mantiki: kumi na moja.

Kumi na moja inatosha kupata krediti. Wenzangu walinipongeza. Mmoja niliyemfundisha zile Jumamosi tatu alipata kumi na tatu, naye aliona aibu kunitazama. Nilikwenda kudai kopi, na safari hii nilikuwa na haki, maana nina faili. Ilikuwa karatasi ileile, yenye mikunjo yangu. Kando ya wino mwekundu palikuwa na wino wa kijani. Jibu la pili, ambalo kwa nyekundu aliandika "vizuri sana", kwa kijani aliandika "halijakamilika".

"Mwaka jana nilikusahihisha kama mutoto wa sekondari," alinieleza Asistanti, kwa upole kabisa. "Sasa uko mwanafunzi wa chuo. Ninadai zaidi."

"Basi ile kumi na sita ilikuwa ya nini?"

"Ilikuwa ya kukutia moyo."

Kwa hiyo nilipofaulu, sikuwa mwanafunzi. Nilipokuwa mwanafunzi, sikuwa nimefaulu sana. Niliandika sentensi hizo mbili chini ya ile kopi kwa biki ya bluu, nikaibandika kwenye ubao wa matangazo, nyekundu na kijani vikionekana. Watu walisoma, wakacheka, wakaita wengine. Ilikaa tangu asubuhi hadi saa sita, kisha katibu akaja akaitoa kwa uangalifu, bila kuipasua, akairudisha kwenye faili. Sasa chuo kina ushahidi wote na mimi sina karatasi. Kumi na moja imebaki.

Nimeambiwa niache, kwani krediti ninayo. Ninayo. Lakini tangazo limesomwa tena mwaka huu mbele ya bendera, na watoto wenye mashati meupe wanapita kwa baiskeli kila Jumamosi. Niliwasimamisha njiani nikawaambia wadai namba ya matrikile kabla hawajaketi. Walinitazama kama mtu mwenye wivu.

Ratiba yangu ya mwaka wa pili haina somo la Jumamosi. Nilimwambia mama mapema, kabla ya mvua za kulima. Alinisikiliza, akanishukuru, akalima shamba la zamani peke yake na kuishia pale pale palipokuwa mpaka zamani. Kile kipande kipya kilikuwa kimeanza kurudi kichaka.

"Safari hii nalima ile naweza mwenyewe," alisema.

Jumamosi iliyofuata nilichukua panga na jembe, nikaingia kwenye kichaka bila kumwomba. Mama aliendelea na kazi yake upande wa pili wa mpaka. Jua lilipokuwa kali alikuja akasimama, akapima kwa macho sehemu niliyosafisha.

"Na hii," alisema, "watakuhesabia?"

Alinipa maji, akarudi upande wake.