Kura na Kula Siku ya Chacha

Mnisamehe kwa mwandiko huu unaolala kama mahindi baada ya upepo, na kwa makosa ya herufi. Niliishia darasa la nane na naandika polepole. Mkiona l mahali pa r, au r mahali pa l, msikasirike. Kwetu Kakamega herufi hizo mbili hubadilishana viti, na siku moja zilinifanya nipigiwe makofi na ukumbi mzima.

Nilikuwa darasa la sita. Madam mmoja aliyewahi kufanya kazi Nairobi alirudi mtaani kwetu Shieywe, akafungua shule ya dansi katika ukumbi wa kanisa kila Jumamosi. Wazazi wetu walijua kucheza isikuti, ngoma yetu ya asili, bila kufundishwa na mtu, kwa hiyo wakatupeleka tufundishwe chacha. Chacha inataka kiuno, na kiuno kilikatazwa na kanisa lilelile. Madam alieleza kwamba hiki ni kiuno cha mashindano.

Mimi niliwekwa safu ya nyuma, pembeni. Nilipapenda. Niliona haya hata kuitikia jina langu, na Jumamosi ndiyo siku pekee niliyokuwa pamoja na watu bila kulazimika kuongea. Lakini mashindano yalipokaribia, Madam alinisimamisha mbele ya wote.

"Wewe, mguu unauburuta kama jembe. Tukishindwa, nafasi yako nampa mtoto mwingine."

"Viatu vyake vitashukuru, Madam," akasema mvulana niliyecheza naye.

Viatu vilikuwa vya mama. Mbele nilivijaza magazeti.

Siku yenyewe zilikuja shule za dansi hadi kutoka Butere. Tulicheza. Sikuburuta mguu, kiatu ndicho kilichoniburuta mimi. Mwishoni shule zote zikasimama jukwaani kwa safu. Nyuma ya ukumbi kulikuwa kunapikwa kuku, ingokho kama tunavyomwita, na harufu ilikuwa imetusumbua tangu asubuhi. Mshereheshaji akashika maikrofoni.

"Watoto, mmecheza vizuri. Sasa ni kula!"

Wenzangu hawakungoja neno la pili. Madam mwenyewe aliwaongoza. "Kwa mstari! Kwa adabu! Ugali usipoe!"

Shule zingine hazikusogea. Zilikuwa zimeshakuja miaka iliyopita, zikajua mshereheshaji yule alimaanisha kura: yeye huonyesha kila shule kwa mkono, watu hupiga makofi, na yenye makofi mengi hushinda.

Nami ningekimbia, ila kamba ya kiatu ilikuwa imefunguka. Nilipoinua kichwa, safu yetu nzima ilikuwa mimi.

"Wewe msichana, wenzako wako wapi?"

Darasani nilikuwa nimechapwa sana kwa sababu ya l. Nikiogopa, niliweka r kila mahali, kwa usalama.

"Wameenda kura ingokho."

"Wameenda kumpigia ingokho kura?"

"Ndiyo."

"Na ameshinda?"

"Sijui. Bado nafunga kiatu."

Ukumbi ukalipuka. Watu walipiga makofi, wakapiga viti, wakapiga miguu sakafuni. Waamuzi wakayaandika kuwa kura zetu. Wenzangu waliporudi wakilamba vidole, tulikuwa wa kwanza, na mimi nilikuwa nimeficha uso nyuma ya kombe.

Madam alilichukua, akawaambia wazazi kwamba siri ya ushindi ni mazoezi na nidhamu. Yule mvulana akaninong'oneza, "Tumekuachia ugali." Ingokho alikuwa amekwisha.

Sikufukuzwa. Jumamosi iliyofuata Madam alinishika bega, akanitoa pembeni kwangu, akaniweka mbele, katikati kabisa. "Watu wanakupenda wewe," alisema. "Simama hapo wakuone."

Nilisimama hapo Jumamosi tatu, jasho likinitoka kabla muziki haujaanza. Ya nne nilimwambia mama siendi tena, viatu vimeanza kunibana. Mama aliyachomoa yale magazeti moja moja, akayakunja, akaenda kuwashia moto.

Kama ulikuwa ukumbini siku ile, tafadhali niandikie. Sitafuti sifa. Nataka tu kujua makofi yako yalikuwa ya dansi au ya kiatu. Mstari mmoja unatosha, hata kwa mwandiko mbaya. Nami nitausoma polepole, kama nilivyouandika huu.