Pikapu ya Maziwa ya Mama Godelive

Ukitaka kumkasirisha Musoki, usijisumbue kumtukana. Mwambie tu kwamba gari ni kama mwanamke, halieleweki. Ataweka spana chini, atajifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe, kisha atakuuliza ni gari gani hilo na ni mwanamke gani huyo, ili ajue aanze na yupi. Watu wa mtaa wa Ngezi walishamzoea, na wako waliopita garajini makusudi kulisema neno hilo, kwa sababu Musoki akikasirika anachekesha.

Garaji yenyewe ilikuwa kiwanja kilichozungushiwa mabati makuukuu, kando ya barabara ya vumbi. Kazi alijifunza Butembo, kwa mjomba wake aliyekuwa akitengeneza malori ya mizigo. Alipomfuata kaka yake Mumbere huku Bunia, alikuja na sanduku la spana na harufu ya mazuti, yaani dizeli. Sanduku lilifungika, harufu haikufungika. Alioga kwa sabuni, akaoga kwa limau, akasugua kucha kwa majivu, na bado Jumapili moja mama wa kwaya alinusa hewa akauliza kama jenereta ya kanisa inavuja. Musoki aliendelea kuimba huku ameficha mikono kwenye mikunjo ya kitenge. Lilimuuma sana jambo lile, wala hakumwambia mtu.

Mumbere alikuwa mtu mwema mwenye subira fupi. Kiwanja kilikuwa chake, na muuza saruji mmoja alikitaka kiwe depo.

"Dada yangu," alisema, "batu bananiuliza kama hapa iko garaji ao iko makaburi ya magari. Mwezi ikiisha bila kazi ya kuonekana, naachia mutu wa simenti."

Kazi ya kuonekana ilikuja siku chache baadaye, nayo ilionekana mno. Ilikuwa pikapu ya Mama Godelive, nyeupe, ya mazuti, nzee kuliko dereva wake. Bunia nzima iliijua. Kila asubuhi ilitoka upande wa Irumu ikiwa imebeba bido, yale madumu ya maziwa, na Mama Godelive, mjane mwenye ng'ombe wengi na maneno machache, ameketi mbele kama askofu. Dereva alikuwa Adolphe, mtoto wa dada yake, ambaye maneno yote yaliyomkosa mama yake mdogo yaliangukia kwake.

"Iko nazimika ku njia," Adolphe alieleza. "Leo ku mulima, kesho ku tambarare. Inakohoa, inakufa. Siye tunashuka, tunaimba cantique ya kanisa. Ubeti ya tatu ikiisha, nageuza ufunguo, inawaka kama haikukuwa na kintu."

"Basi kesho mukate ubeti moja, tuone," alisema Musoki.

Alicheka, lakini hakulala vizuri. Gari linalokufa kabisa ni rahisi, kwani maiti haikimbii. Gari linalokufa na kufufuka ndilo linalomtoa fundi jasho. Akaanza mwanzo, kama alivyofundishwa. Akabadili filta ya mazuti. Akashusha tangi, akaliosha, akatoa humo matope na kipande cha jani. Akafuata mipira yote kwa vidole akitafuta ufa, akakaza waya wa pampu, akatoa hewa kwenye mabomba. Kisha akaizungusha pikapu mjini, akaipeleka njia ya kiwanja cha ndege, akapanda nayo na kushuka nayo. Injini ikanguruma kwa adabu, kama mtoto aliyeletewa mgeni.

Kesho yake ikazimika njiani, na maziwa yakachacha juani.

Akarudia upya. Mjini ikaenda vizuri, njiani ikazimika. Vijana wa pikipiki walioegesha ng'ambo ya barabara wakaanza kumwimbia ule ubeti wa tatu kila alipotoka nje.

"Musoki, hii gari inakuogopa," Adolphe alimwambia. "Ikikuona tu, inajifanya muzima."

Mambo yalikuwa hapo wakati Mama Godelive alipokuja mwenyewe kwa miguu. Hakukaa kwenye kiti alichopewa.

"Jumamosi bakwe banakuja kutoa dote, mahari ya binti yangu Bénédicte," alisema. "Kwetu mugeni hapewe soda mbele ya maziwa. Anakunywa kwanza maziwa ya mama wa binti, kiisha tunaongea. Kama maziwa inachacha ku njia siku ile, nitaweka uso wangu wapi? Niambie kama unaweza. Kama hauweze, hakuna mubaya, nipeleke gari kwa wengine."

Kuna watu ambao mdomo wao unatangulia, akili inafuata nyuma ikihema. Musoki alikuwa mmoja wao.

"Itafika, Mama. Ikizimika siku ile, mi mwenyewe nafunga hii garaji."

Mumbere alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia kila neno, na alitabasamu kama mtu aliyeepushwa na taabu ya kufukuza mtu. Musoki akatamani kuyameza maneno yake, lakini maneno si mate.

Jioni ile aliketi juu ya tairi akijilaumu. Alikuwa amemuuliza Adolphe gari linazimika wapi, linazimika lini, linatoa moshi wa rangi gani. Swali moja la kijinga hakuliuliza. Akampigia simu.

"Adolphe, inazimikaka wakati wa kuenda ao wakati wa kurudia?"

Adolphe alianza kuzihesabu safari zake kwa sauti, moja moja.

"Kurudia," alisema mwishowe. "Kuenda haizimikake hata mara moja. Kumbe!"

Barabara ni ileile, vilima ni vilevile, mazuti ni yaleyale. Basi kuna kitu kinachoipata pikapu kule kwenye ng'ombe. Musoki akasema Jumamosi ataondoka pamoja na Adolphe na Mama Godelive.

Walifika zizini mapema, majani yangali na umande. Wachungaji walikuwa wamemaliza kukamua, bido zikapakiwa nyuma, na mke wa ndugu yake Mama Godelive akawaita ndani wote. Hapo kwao hakuna anayeondoka na maziwa ya watu bila kunywa kwanza ya wenyeji. Kikombe kilikuwa kimeoshwa mpaka kinang'aa. Musoki akakitazama, akatazama mikono yake, akaona weusi ndani ya kucha. Atakishikaje?

"Aksanti, Mama. Nabakia ku gari," alisema.

Nyuso zikabadilika. Adolphe akamvuta pembeni. "Weye unakatala maziwa kwa batu ya ng'ombe? Kweli? Siku ya leo?"

Musoki alijinasua. Alitoka, akasimama nyuma ya pikapu, akijiona mtu asiye na adabu na asiye na garaji. Ndani walikuwa wakinywa taratibu, kama inavyopasa. Ndipo alipomwona Mama Godelive akitoka kwa mlango wa nyuma, peke yake, ameshika mfuko wa plastiki na utepe wa mpira uliokatwa kwenye chubu ya baiskeli. Akainama penye mdomo wa tangi. Akaufunika mfuniko kwa plastiki, akauzungushia mpira na kuukaza, akauzungushia tena na kukaza, jinsi wanavyofunga chungu cha samli kisipitishe hata sisimizi.

"Mama," Musoki aliita kwa sauti ndogo.

Mama Godelive alishtuka. Hakuwa mwanamke wa kushtuka.

"Mufuniko iko muzee," alisema huku ameushika mpira. "Mazuti inaruka, inagusa bido. Mama moja ku soko alinusa maziwa yangu mbele ya batu, akanirudishia. Alisema naleta maziwa ya kutia mu lori. Nilisikia haya, mwanangu. Sikuambia mutu, hata Adolphe. Nafunga hapa bakiwa banakunywa; mudomo ya tangi iko upande yangu, Adolphe haangaliake. Tukifika Bunia nafungua batu bakiwa habajakuja."

Musoki alikuwa amekwisha kufungua kinywa kusema kwamba amefungua tangi lile na kuliosha bure, kwamba ameimbiwa na vijana wa pikipiki kwa ajili ya mfuko wa plastiki. Akakifunga. Haya ile aliijua. Alikuwa ameificha kwenye kitenge chake kila Jumapili.

"Mama, ukikunywa soda na ukiziba chupa na midomo yote, soda inakuja?"

"Inakuja kidogo, kiisha inakatala."

"Inakatala juu ya nini?"

Mama Godelive alifikiri. Akaangalia tangi, akaangalia mfuko, akaweka mkono kinywani.

"Mufuniko iko na katundu ka kupumua," Musoki alisema. "Injini inavuta mazuti, hewa inaingia pale. Ukifunga, tangi inakosa pumuzi. Mukishuka mukiimba, hewa inajipenyeza polepole chini ya mupira, gari inawaka. Haikukuwa cantique."

"Usiambie Adolphe hiyo," alisema Mama Godelive, na kwa mara ya kwanza Musoki akamsikia akicheka.

Kazi iliyobaki ilikuwa ndogo hata ya kuonea aibu. Kwa ule utepe wa chubu alikata pete mpya ya kukaa ndani ya mfuniko, mazuti yasiruke tena, na tundu la hewa akalizibua kwa sindano. Bido wakazisogeza mbele, mbali na mdomo wa tangi, wakaweka turubai katikati. Adolphe alipotoka akijifuta povu la maziwa mdomoni, aliuliza walichokuwa wakifanya.

"Ilikuwa hewa tu," alijibu Musoki. Hakuwa amedanganya.

Wakaanza safari ya kurudi Bunia. Adolphe alipunguza mwendo kila mahali pikapu ilipowahi kufa, akimtazama Musoki kwa jicho la pembeni. Walipita mlima, injini ikapanda. Wakapita tambarare, injini ikatambaa. Penye kona ambapo waliimba mara nyingi kuliko kanisani, Adolphe alikohoa kusafisha koo, akangoja, na pikapu ikapita bila kumngoja. Akaimba hivyo hivyo, beti zote, kwa furaha. Musoki akaitikia kwa sauti kubwa, na machozi yalimtoka kidogo, akayalaumu madirisha yaliyokuwa wazi.

Maziwa yalifika mabichi. Wakwe wakaja na suti zao na hotuba zao, wakanywa, wakasifu, wakaongea ng'ombe wa mahari mpaka sauti zikapanda na kushuka. Mumbere naye alikuwa amealikwa. Aliuliza mara mbili kama kweli pikapu haikuzimika, kisha akatoka nje na simu, na muuza saruji akaambiwa atafute kiwanja kingine.

Musoki hakuingia ndani. Alijikalia juu ya ubao wa nyuma wa pikapu, uani, akisikiliza vigelegele. Mama Godelive alitoka amevaa vazi lake la sherehe, akapita katikati ya wapishi na wageni waliosimama, Bénédicte nyuma yake na jagi. Mkononi alishika kikombe. Musoki akaingiza mikono yake kwenye kitenge.

"Mama, mikono yangu inanuka."

Mama Godelive akauvuta mkono mmoja, akaunusa waziwazi mbele ya watu wote, kama yalivyonuswa maziwa yake sokoni.

"Ndiyo, inanuka mazuti," alisema kwa sauti ya kusikika. "Kama haingenuka, saa hii wageni wangu bangekuwa banakunywa soda. Shika. Na mikono yote mbili."

Musoki alishika, akanywa mpaka chini bila kupumzika. Yalikuwa ya vuguvugu, na yalinuka maziwa tu. Aliporudisha kikombe, alama za vidole vyake zilikuwa zimebaki juu yake, nyeusi, zote kumi. Bénédicte akanyoosha kitambaa ili akifute. Mama yake akamzuia mkono, akamwambia amimine tena.