Uji wa Mama Mkwe

Tulipohamia kijiji cha ujamaa, upande wa Mgori, kaka yangu aliacha kulala. Alfajiri watu wakifika shamba la kijiji wanamkuta ameshalima sehemu ya watu sita, anaimba, macho mekundu. Mwenyekiti wa kijiji akamsifu mkutanoni: "Huyu ndiye mjamaa!" Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga, mjinga mimi.

Mama hakupiga. Mdogo wake mwenyewe alianza hivyohivyo, akaishia kufungwa kamba. "Mwanangu anaumwa," alisema. Ila kupanda lori la kijiji kwenda hospitali Singida mjini kulitaka barua ya mwenyekiti, na mwenyekiti ndiye baba mkwe wa kaka. Akacheka. "Niandike kwamba bidii ni ugonjwa? Mama, usinitie aibu."

Wiki ya tatu kaka akabomoa paa la nyumba yetu, eti boriti zikajenge shule. Mwenyekiti akasema huo ndio moyo wa kujitolea. Nilimtukana kimoyomoyo, tusi ambalo siwezi kuliandika.

Kisha asubuhi moja kaka akaingia jikoni kwa mama mkwe wake. Kwetu mwanaume hamkaribii mkwewe. Akimwona njiani anapita porini. Yeye akamshika mkono, akamchezesha, akamega ugali chunguni mwake huku anacheka. Mama wa watu akajifunika uso kwa kanga, analia. Mwenyekiti akaja kwetu mbio: "Leteni karatasi niandike!" Loo! Kumbe paa halikutosha.

Mjini daktari alimchoma sindano, akatupa vidonge vya kumeza kila asubuhi baada ya kula. "Asiache hata akipata nafuu," alisema. "Akiacha, ugonjwa utarudi." Alirudia mara mbili.

Kaka akatulia. Akatulia mno: mikono inatetemeka, jembe linamlemea, anasinzia shambani. Walewale waliompigia makofi wakaanza kumwita kupe. Siku moja nikamkuta anafukia vidonge kwenye majivu. "Heri ule wazimu," akaniambia. "Mwenye wazimu alipendwa." Nililia mbele yake bila haya.

Sikwenda kwa mwenyekiti. Nilikwenda kwa mkewe, nikampa shikamoo, nikamweleza yote.

Kesho yake asubuhi akaja na kibuyu cha uji wa uwele. Akakiweka kizingitini, akaugeuzia mlango mgongo, akasimama. Kaka alikuwa ndani, hatua mbili tu, lakini aliniambia mimi: "Mwambie anywe, kisha ameze dawa. Nasubiri."

Kaka aliutazama ule mgongo. Akanywa. Akameza.

"Mwambie mama nimemeza," akasema.

"Amemeza," nikasema.

"Nimesikia." Akaondoka zake.

Mama mkwe alikuja kila asubuhi kwa miaka minne, mpaka alipofariki, na hakugeuka hata siku moja.