Mstari Mfupi Ulioshinda

Naikumbuka siku ya mlolongo, mwanangu, na hasira bado imenikaa hapa kooni. Usinicheke. Nyinyi leo mnapiga kura kwa siri. Sisi tulipanga mstari juani, kila mtu nyuma ya mtu wake, majirani wote wakikuona.

Upande mmoja alisimama mwalimu wetu. Upande wa pili, tajiri wa lori la barafu, yule aliyekuwa akinunua mbuta, samaki wetu wakubwa, pale ufuoni mwa ziwa, mbele ya Kombewa. Biashara ilimtosha? Wapi! Mchovya asali hachovyi mara moja. Alitaka udiwani, na sote tulijua kwa nini: auzungushie ufuo seng'enge, uwe wake. Sisi tungeanika omena, dagaa wetu, wapi?

Mstari wa mwalimu ulifika mpaka barabarani. Wa tajiri, hata mbuzi angeuruka. Msimamizi akaitazama yote miwili, akakohoa, akatangaza tajiri ameshinda. Mchana kweupe!

Kesho yake vibarua wa diwani wakaanza kusimamisha nguzo za ua. Lori nalo likaja kununua samaki, kama kawaida, bila haya. Mimi, niliyeolewa juzi tu, nikainua karai langu la samaki nipeleke. Mbuta huoza upesi, na nyumbani unga ulikuwa umeisha. Mama mkwe akanidaka mkono.

"Nyar Bondo," aliniita hivyo kwa kuwa nilizaliwa Bondo, "jana alikuibia kura, leo unampelekea kitoweo?"

Nilimkasirikia, naapa. Lakini nililiweka chini, na wenzangu wakaweka. Tukawasha moto, tukabanika samaki wote. Barafu ya lori ikayeyuka, maji yakachuruzika mchangani. Ikawa hivyo kila siku, lori likirudi tupu, mpaka watoto wakachoka na samaki wa moshi. Mwishowe tajiri mwenyewe akaja, akashuka kwenye lori.

"Mama, kwani mnataka nini?"

"Ng'oa nguzo, Bwana Diwani," mama mkwe akamjibu.

Aling'oa! Kiti alikikalia, mshenzi yule, mpaka muhula ukaisha. Ufuo hakuupata.

Basi sikia, mwanangu. Tajiri akikuomba kura, usiulize ana mali gani. Uliza anakitakia nini kidogo ulicho nacho. Na akikuibia, usiende kumuuzia. Wanasema mnyonge hana haki. Uongo! Asiye na haki ni mnyonge aliye peke yake.

Mungu akupe mgongo usioinamia mwizi, na ziwa lisikunyime chakula.