Mtangulizi wa Nyimbo Haimbi

Ng'ombe wa mjomba wangu alianguka ndani ya shimo la choo kule Bokoli, na naanza hapo kwa sababu bila huyo ng'ombe nisingeandikwa kazi ya kanisa. Choo chenyewe kilikuwa bado, ni shimo tu lililofunikwa kwa matawi. Mjomba alilichimba wakati wa mvua. Nani huchimba choo wakati wa mvua, bana? Wanaume walitoa mashauri bila kamba. Mimi niliambiwa nipande kichuguu niite watu, na waliokuwa wakipalilia ng'ambo ya mto wakasikia, wakaja. Ng'ombe alitoka amevunjika pembe, akaishi miaka mingi na hasira.

Aliyeleta kamba alikuwa mzee wa kanisa. Akaniuliza, "Kijana, umesoma mpaka wapi?"

"Darasa la tatu."

"Inatosha. Hiyo sauti haifai kukaa na ng'ombe."

Ndivyo nilivyofika Kitale, kanisa la Matisi. Siku ya kwanza nilipewa ufagio, funguo na kengele. Hiyo ndiyo kazi iliyoandikwa kwa karatasi. Halafu mkubwa wangu, ambaye tulimwita Mzee wa Nyimbo, akanipa kazi yenyewe: kutanguliza. Siku hizi mnasoma maneno ukutani kwa taa, hamjui kitu hicho. Wakati huo vitabu vya nyimbo vilikuwa vichache na wengi hawakusoma. Kwa hivyo mtu mmoja alisimama mbele, akatamka mstari, watu wakauimba, naye akatamka unaofuata. Unautamka wakati wanamalizia neno la mwisho, si mapema, si baadaye. Hiyo tuliita kudaka. Ukichelewa kudaka, wimbo unaanguka mbele ya watu wote na kila mtu anakutazama.

"Sasa mimi nitaimba saa ngapi?" nilimuuliza.

"Wewe? Mtangulizi haimbi. Mpishi akikaa kula na wageni, ugali ataleta nani?"

Nilizishika nyimbo zote kichwani. Kitabu nilikibeba kwa heshima tu, mkono wa kushoto, na wa kulia mfukoni.

Baadaye nilihamishwa Bungoma, chini ya Kasisi mmoja mpole, mwenye kupenda chai kupita kiasi. Huko ndiko nilikofanya kosa langu kubwa. Kuna nyimbo mbili tofauti zinazokwenda kwa tuni moja, moja ya arusi na moja ya kaburini. Siku ya arusi nilianza vizuri, ubeti wa pili nikateleza upande wa kaburi. Watu wa kanisa ni watiifu. Waliimba udongo, waliimba sanda, mpaka mama ya bibi arusi akakaa chini.

Kasisi aliniita ofisini. "Mzee, leo umemzika bibi arusi."

"Nisamehe, Kasisi. Tuni ni moja."

"Lakini si ulikuwa unasikia ulichokuwa ukisema?"

"Kusikia si kazi yangu," nilimjibu. "Mimi natoa tu."

Alinitazama, akanimiminia chai. Sikuona ubaya wa jibu langu. Maneno yalikuwa ya wale walioketi.

Mwisho nilirudishwa Kitale, kanisa la Kibomet, nikazeekea hapo. Sasa niwaambie habari ya ndugu yangu mdogo, Wafula. Yeye alibaki Bokoli kwa shamba la baba. Mwaka mmoja aling'oa miti ya mpaka akalima ndani ya sehemu yangu, hatua mbili. Hatua mbili tu, leo nasema wazi. Tulipomzika mama, Wafula alininyooshea mkono mbele ya watu, mimi nikaacha wangu mfukoni. Kwetu hilo linapita tusi. Hatukuongea tena.

Watu wa Kibomet husema niliacha kazi kwa sababu ya uzee. Si kweli, na sina haja ya kudanganya sasa.

Jumapili moja Wafula alikuja. Alikuwa anatibiwa Kitale, analala kwa binti yake. Alikaa benchi la tatu, amekonda, na fimbo katikati ya magoti. Wimbo uliochaguliwa niliujua kama jina langu. Nikatamka: "Mkono niliouficha, Bwana, leo nautoa." Wakaimba. Wafula naye aliimba, macho amefunga.

Mstari huo nilikuwa nimewapa watu arusini, mazishini, hata kwa ufunguzi wa choo cha shule. Siku hiyo ndipo nilipousikia. Ulikuwa kama umeandikwa na mtu anayenijua, na asiyenipenda sana. Unaofuata ulisema, "Ndugu, uupokee kabla mlango haujafungwa." Nilipaswa kudaka. Nikatazama chini, mkono wangu wa kulia uko mfukoni.

Sikudaka. Wimbo ukaanguka.

"Ni uzee," mama mmoja alinong'ona. "Ati amesahau."

"Mzee, tutangulizie," Kasisi wa Kibomet alisema.

Nilikiweka kitabu mezani, na funguo juu yake, nikaenda mpaka benchi la tatu. Wafula hakufungua macho mpaka nilipomgusa.

"Ni wewe?"

"Ni mimi. Shika."

Aliushika, akakaa nao. "Mkono yako baridi, mzee," alisema.

"Twende nje kwa jua."

Alinyanyuka kwa shida. Nyuma yetu mama fulani aliuanza wimbo upya. Tulitoka kwa mlango wa pembeni, pole pole kwa ajili ya fimbo, tukashika njia ya stendi. Sijarudi.